Shamba la tambarare na watabiri wanne: simu, Mamlaka, mzee au chupa?

Machi, saa moja asubuhi. Nimesimama kwenye mpaka wa ekari mbili na nusu chini ya Himo, upande wa kuelekea Kifaru, na dereva wa trekta ananiuliza kwa mara ya pili: "Mangi, tunapiga hapa au nigeuze niende kwa mwingine?" Simu inaonyesha kiwingu chenye matone na asilimia 80 kuanzia saa nane mchana. Redioni Mamlaka ya Hali ya Hewa walishatangaza kwamba masika ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara itakuwa ya wastani hadi chini ya wastani. Mlima umejifunika mpaka usawa wa Marangu, mweusi tii. Na mzee jirani yangu wa shamba, Mpare aliyezaliwa palepale, amekaa juu ya mfuko wa mbegu anatafuna kijiti. Nilipomwonyesha lile wingu akasema, "Ile si mvua. Ile ni mate."

Nikaifuata simu, kwa sababu ilikuwa na namba. Mvua ikanyesha kweli, tena karibu na saa iliyotajwa, dakika ishirini na kitu. Vumbi likanukia, nikapiga picha nikawarushia watu wa nyumbani Kibosho, wakanipongeza. Mahindi yakaota. Kisha likaja jua la siku kumi na sita. Mche wa hindi wenye majani matatu hauna pa kujificha: asubuhi umesimama, saa sita umejikunja kama sigara, jioni unajikunjua nusu, halafu inafika siku haujikunjui tena. Aprili nilipanda upya kwa majembe na vibarua, maana hela ya trekta ilikwenda na yale mate.

Tangu hapo nimekuwa nikiwapima watabiri wangu mmoja mmoja, nani husema nini, lini, na hukosea vipi. Haya ninayoandika ni kwa mwenye shamba la chini, iwe Kahe, Kileo, Mwanga au Same. Kwa mwenye mifugo Longido, Monduli au Simanjiro. Na kwa dereva wa Arusha anayepeleka wageni Ziwa Natron. Aliye Moshi mjini na anataka tu kujua kama aanike nguo, achungulie dirishani.

Kwa nini huku chini kunakosewa zaidi

Watu wa kihamba, wale wa mashamba ya migomba mlimani, huwa hawaelewi malalamiko yetu. Juu kule, upande wa kusini wa Kilimanjaro, upepo wenye unyevu ukifika unakutana na ukuta, unapanda, unapoa, unaangusha maji. Kuna sehemu za msitu zinazopata zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka. Hiyo ni mvua yenye sababu iliyosimama pale pale miaka yote, na sababu hiyo ni mlima wenyewe. Kuibashiri si kazi kubwa.

Tambarare haina ukuta. Mvua yetu huja kwa joto: ardhi inachemka mpaka saa saba au nane, hewa inapanda, na mahali fulani, hakuna ajuaye wapi hasa, wingu linajijenga kama koliflawa, linapasuka, linamwaga, linakwisha. Upana wake unaweza kuwa kilomita tatu au tano tu. Ndiyo maana shamba langu linaweza kulowa huku la mzee, ng'ambo ya reli, likiwa bado linatoa vumbi. Ukiongeza kwamba Mwanga na Same zimekaa nyuma ya milima ya Upare, upande usiopata upepo wa baharini moja kwa moja, utaona kwa nini Same inapata karibu robo tu ya mvua ya ule msitu, wakati mlima wenyewe hauko mbali. Hakuna jangwa halisi Tanzania, lakini ukisimama Kifaru Septemba saa nane mchana na vumbi linazunguka kama mnara, hutabishana na anayepaita hivyo.

Sasa fikiria mashine zinazotabiri. Kompyuta za kituo cha utabiri cha Ulaya huigawa dunia katika vyumba vya kilomita 9 hivi kila upande, na za Marekani vyumba vya kilomita 13 hivi. Kutoka Moshi mjini, kwenye mita 850 hivi juu ya usawa wa bahari, kupanda hadi Kibosho kwenye migomba na kahawa, ni kilomita zisizozidi chumba kimoja. Upande mmoja wa chumba watu wanalalamika matope, upande wa pili wanalalamika vumbi, na kompyuta inatoa namba moja kwa wote wawili. Kisha programu ya simu inaichukua namba hiyo na kuiandikia juu yake jina la kijiji chako, kana kwamba kuna mtu alikwenda kijijini kupima.

Si sisi tu tunaohangaika. Arizona, Marekani, kwenye jangwa la Sonora, mvua zao kubwa huja katika kiangazi chao, na kipindi chake kinahesabiwa rasmi kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba. (Neno lenyewe linachanganya. Kwetu kiangazi ndipo mvua inapokatika; kwao ule ukali wa joto ndio unaovuta unyevu na kujenga mawingu ya mchana.) Wana rada, wana setilaiti, wana wataalamu wa kutosha. Mji wa Tucson ulipata milimita 41 hivi katika kipindi hicho mwaka 2020. Mwaka uliofuata ukapata 325 hivi. Mji uleule, miezi ileile. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema utabiri wetu unakosea kwa sababu ya uzembe wa Kiswahili, mwambie aende Tucson na mwavuli.

Simu

Niseme wazi kwamba siipingi. Naifungua kila asubuhi kabla ya chai. Ninachopinga ni kuiuliza swali isilolijua.

Ile asilimia 80 iliyoniponza ilikuwa na maana gani? Kwa desturi ya idara ya hali ya hewa ya Marekani, ambako utaratibu wa kutangaza asilimia umezoeleka, ni uwezekano wa mahali ulipo kupata angalau robo ya milimita ya mvua. Robo ya milimita hailowanishi hata mgongo wa mbuzi. Simu haikunidanganya: ilisema mvua itanyesha, ikanyesha. Haikuwahi kusema itatosha kuotesha, wala haikusema kitu kuhusu siku kumi na sita zitakazofuata. Programu nyingi hukupa siku kumi au kumi na nne mbele kwa picha zilezile za kupendeza, na picha ya siku ya kumi na mbili haina haya hata kidogo. Imechorwa kwa rangi ileile ya picha ya kesho. Mimi baada ya siku ya tano siangalii tena vitone. Naangalia tu kama wiki nzima ni kavu au kuna dalili ya mabadiliko.

Simu inapotabiri ukavu ni tofauti. Ikisema siku tano zijazo hakuna kitu, huku tambarare mara nyingi inakuwa kweli. Usiipe sifa zote, hata hivyo. Mtu akikaa Kifaru akasema kila asubuhi "leo hainyeshi", atakuwa sahihi siku nyingi kuliko kompyuta yoyote. Hata hivyo hali ya hewa kavu huwa kubwa, inafunika mkoa mzima, na mitambo inaiona vizuri kuliko wingu moja la mchana. Kwa hiyo kwa kupiga dawa ya viwavijeshi, kuvuna maharage, kuanika mahindi au kumwaga zege, simu ndiyo ya kwanza. Ila fungua programu mbili. Zikikubaliana, endelea, zikipishana, ujue kwamba nazo hazijui.

Gharama yake ni bando tu, na sehemu za Simanjiro ni kupanda kichuguu kutafuta mtandao.

Mamlaka

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatoa vitu kadhaa, na watu wengi huvichanganya vyote wakaviita "utabiri". Upo utabiri wa msimu: wa masika ya Machi hadi Mei, wa vuli ya Oktoba hadi Desemba, na ule wa mikoa yenye msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, ambao sisi wa kaskazini hautuhusu. Upo utabiri wa kila siku, ule wa kwenye taarifa ya habari, "hali ya mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua". Na zipo tahadhari.

Huo wa kila siku kwa shamba langu hauna kazi. "Maeneo machache" ni kauli ya kweli kabisa, na ndiyo shida yake. Nani anajua kama mimi ni eneo chache?

Utabiri wa msimu ndio ulionigharimu kujifunza kuusoma. Unaposema "wastani hadi chini ya wastani", unazungumzia jumla ya miezi mitatu ukilinganisha na miaka mingi iliyopita. Hauahidi, unaeleza upande gani mizani imeinamia. Na jumla ni kitu cha hila. Shamba langu linaweza kupata milimita zake zote za msimu katika siku sita, tatu mwishoni mwa Machi na tatu katikati ya Mei, na kwenye karatasi ukawa msimu mzuri huku mahindi yamekufa katikati. Ndiyo maana unapoupata uende mpaka mwisho, kwenye sehemu inayotaja lini mvua zitaanza, lini zitakwisha, na kama kutakuwa na vipindi virefu vya ukavu. Watu husoma kichwa cha habari tu wakakimbilia duka la pembejeo.

Jambo la pili, ambalo nimechelewa kulijua: vuli hutabirika vizuri kuliko masika. Vuli yetu inafungamana na joto la maji ya Bahari ya Pasifiki na Bahari ya Hindi, na bahari hubadilika polepole, kwa hiyo ukiona dalili Agosti una muda wa kujipanga. Mwaka 1997 El Niño, yaani maji ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, na joto la magharibi mwa Bahari ya Hindi vilikuja pamoja na mvua zake hazijasahaulika. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi peke yake ilitosha kutujaza maji. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali, watu wakajiandaa kwa gharika ya aina ya 1997, na mvua haikufika huko, kwa sababu Bahari ya Hindi haikuchangia kwa nguvu ileile. Halafu kuanzia 2020 mpaka mwanzo wa 2023 La Niña, pale Pasifiki inapopoa, ikatushikilia miaka mitatu mfululizo. Wafugaji wa Longido na Simanjiro wanaikumbuka kwa mizoga. Masika, kinyume chake, hazifuati bahari hizo kwa uaminifu wowote. Sasa angalia kejeli yenyewe: msimu mkuu wa mahindi wa tambarare ya Moshi ni masika. Tunautegemea zaidi ule msimu unaotabirika vibaya.

Kwa hiyo Septemba, Mamlaka wakisema vuli itakuwa juu ya wastani, mimi nafungua pochi. Februari wakisema masika itakuwa juu ya wastani, nafungua nusu.

Na hata wanapopatia msimu, msimu hausemi siku wala mtelemko. Vuli ya 2023 ilitangazwa mapema kuwa ya juu ya wastani, na ikawa hivyo. Tarehe 3 Desemba mwaka huo tope na mawe yakashuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Ndiyo sababu ukiwa njiani au kando ya korongo unachotakiwa kufuatilia ni tahadhari, zile za ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Kila moja hutaja "uwezekano wa kutokea" na "kiwango cha athari". Visome vyote viwili. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa ndio unaomkuta mtu amelala kwenye gari katikati ya mto mkavu.

Swali moja la kujiuliza kabla hujautumia utabiri wa Mamlaka: kituo gani cha vipimo kinafanana na shamba lako? Mimi nilikuwa nikisoma habari za Moshi kwa sababu ndiko ninakolala. Shamba langu linafanana na Same zaidi.

Mzee, mlima na Kilimia

Hapa vijana wengi hucheka, na mimi nilicheka mpaka nilipopanda mara mbili.

Mzee wangu hana kitu kimoja anachokitazama, ana vitu kama saba. Upepo: ule unaovuma kutoka upande wa Taveta tangu Januari ukiwa bado na nguvu, hapandi. Ukitulia siku mbili tatu, jasho likawa halikauki shingoni, anaanza kunoa jembe. Minara ya vumbi: ikiwa bado inatembea mchana, bado. Mibuyu: hutoa majani kabla ya mvua, si baada, jambo ambalo hata wataalamu wa mimea wanalikubali. Mlima: kwake mlima kujifunika si habari. "Ule unanyeshea Wachaga," anasema. Juni na Julai Moshi inashinda chini ya blanketi la wingu wiki nzima, watu wamevaa makoti, na huku chini halidondoki hata tone. Anachotazama ni mawingu yanayojijenga upande wa Kenya na upande wa Upare mchana, na kama jioni yanabaki au yanayeyuka. Yakiyeyuka jua linapozama, ni mate.

Na kuna nyota. Msemo wa pwani unasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kile kishada cha nyota kinapotea magharibi jioni kuelekea Mei na kurudi alfajiri mwezi Juni. Nilipouliza sana nikagundua jambo ambalo mzee mwenyewe hakulikataa: Kilimia hakijui habari za mwaka huu. Kinazama tarehe zilezile iwe El Niño au La Niña. Kinachokuambia ni kalenda, yaani mambo yanavyokuwa kwa kawaida. Kwa lugha ya Mamlaka, Kilimia ni "wastani" wenyewe. Mamlaka wanakuambia mwaka huu umeuacha wastani huo kwa upande gani. Kwa hiyo hawa wawili hawagombani hata kidogo, ingawa kijiweni wanagombanishwa kila mwaka.

Udhaifu wa mzee ni kwamba elimu yake ina mipaka ya macho yake. Ukimtoa Kifaru ukampeleka Ngarenanyuki atakuwa mgeni kama mimi. Na anakumbuka alivyopatia kuliko alivyokosea, ugonjwa tulio nao wote. Nilianza kuandika kauli zake kwenye daftari kwa siri. Alipogundua alinuna siku mbili. Lakini kwenye daftari hilo, kwa swali moja tu la "mvua imeanza kweli au bado?", amenishinda mimi na simu yangu. Gharama yake ni nusu kilo ya sukari na muda wa kukaa. Muda ndio mwingi.

Chupa

Huyu hatabiri, na ndiye ninayemwamini kuliko wote.

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile yenye kuta zilizonyooka, si ile yenye kiuno. Ikate chini kidogo ya mabega. Geuza kile kichwa kichwa chini bila kifuniko, kiingize ndani kiwe kama faneli, kishikilie kwa gundi ya karatasi. Chini weka kokoto ili upepo usiiangushe, mimina maji mpaka yafunike kokoto na yale mabonde ya kitako, piga mstari kwa kalamu isiyofutika: hapo ndipo sifuri. Bandika rula ya mtoto wa shule kuanzia kwenye mstari huo. Mdomo wa juu na mwili wa chupa vikiwa na upana sawa, kila milimita kwenye rula ni milimita ya mvua, na milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba ya shamba lako. Ifunge kwenye nguzo mahali pa wazi, mbali na mti mara mbili ya urefu wa mti huo. Soma kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile wanayosoma vituo vya Mamlaka, kisha rudisha maji kwenye sifuri, kwa sababu jua la huku linakunywa hata yale ya kokoto.

Ya kwanza niliiweka chini ya mgunga ili isiibwe. Mzee akaitazama muda mrefu, akauliza kama napima mvua au napima majani.

Sasa wataalamu wa kilimo wana kipimo wanachokitumia sana kwa mwanzo wa mvua: milimita 20 ndani ya siku moja au mbili, bila kufuatiwa na ukavu wa zaidi ya siku saba hadi kumi. Nusu ya kwanza ya sharti chupa inakupa. Na uithibitishe kwa jembe: chimba, ukikuta unyevu umefika sentimita 15 hivi, kiasi cha kiganja kizima na zaidi, ardhi iko tayari. Ukikuta vumbi chini ya tope la vidole viwili, rudi nyumbani hata kama mtaa mzima unapanda. Nusu ya pili ya sharti, ile ya siku zijazo, ndipo simu na mzee wanapoingia. Laiti ningekuwa na chupa ile Machi, ningeona milimita sita au saba za dakika zile ishirini na trekta ningelirudisha.

Vipo vipimamvua vya dukani, vizuri zaidi. Lakini vya plastiki angavu vilivyofungwa kwenye nguzo porini vina miguu.

Basi umfuate nani

Inategemea unaamua nini, na hapa ndipo wengi tunapokosea: tunatafuta mtabiri mmoja wa kila kitu kama tunavyotafuta mganga.

Kuchagua mbegu na kugawa shamba ni uamuzi wa Februari au Septemba, wiki nyingi kabla ya tone la kwanza. Hapo ni Mamlaka peke yake. Wakisema chini ya wastani, mimi naacha kabisa mahindi ya muda mrefu, naweka ekari moja ya yale ya mapema kama Situka au Katumani, na iliyobaki inakwenda kwa mtama, kunde na mbaazi. Wakisema juu ya wastani kwa masika, bado sipandi mahindi shamba zima. Simu haina la kusema hapa. Mwenye kukuonyesha programu yenye mvua za miezi mitatu siku kwa siku anakuuzia kalenda yenye rangi.

Siku ya kupanda ni chupa na jembe kwanza, mzee wa pili, simu ya tatu. Simu hapa ina kura moja tu, ya turufu ya kukataa: ikionyesha siku saba kavu mfululizo baada ya mvua ya kwanza, na programu ya pili ikakubali, nasubiri. Kuna wanaopanda kwenye vumbi kabla ya mvua, na wana hoja, kwa sababu mbegu inapata kila tone. Mimi siwezi kuwashauri wala kuwakataza. Wenye trekta lao na mbegu ya akiba wanaweza kuvumilia kukosea mara moja. Mwenye kukodi hawezi.

Kuweka mbolea ya kukuzia, kupiga dawa, kuvuna, kuanika: simu, kwa masaa na kwa siku mbili tatu. Urea inataka mvua kidogo baada yake na dawa inataka pasiwe na mvua, kwa hiyo usipange vyote siku moja.

Kwa dereva anayeshuka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero na Natron, asahau kabisa mvua ya mahali alipo. Korongo hujaa kwa maji yaliyonyesha juu ya milima ambako hakuoni, na anga ya kichwani mwake inaweza kuwa bluu. Tahadhari ya Mamlaka asubuhi kabla ya kuondoka Arusha, halafu namba ya simu ya mtu aliye juu ya njia. Hii ya namba ya mtu nimeichukua hata mimi: nina mmoja Kilema, mmoja Himo na mmoja Kileo, na ujumbe wa "huku inamwaga" umenifaa kuliko picha nyingi za matone. Maji ya kahawia yakishaanza kupita kwenye mchanga, hata kama ni ya kifundo cha mguu, zima gari upande uliopo, pika chai. Mengi hupungua ndani ya saa chache.

Mwenye ng'ombe ana kazi ngumu kuliko sisi wote, kwa sababu hatafuti mvua, anatafuta nyasi zilizotokana na mvua iliyonyesha wiki mbili zilizopita, mahali ambapo hakuna chupa. Mamlaka watampa picha ya msimu, na hiyo inatosha kuamua mapema kama auze madume kadhaa kabla bei haijaanguka. Kwa kuhamia wapi hasa, bado hakuna kinachozidi kuwapa vijana wawili pikipiki na mafuta waende wakaangalie kwa macho, wakarudi na habari za maji, za nyasi, na za nani mwingine ameshafika.

Masika iliyopita, tarehe 19 Machi, chupa ilisoma milimita 9. Mtaa wote ulikuwa shambani kufika saa nne. Tarehe 20 ikasoma 3. Trekta likapita mbele yangu mara mbili, dereva akapiga honi. Mzee alikuwa na kijiti chake mdomoni, nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Chupa imesemaje?" Nikamwambia. Akasimama, akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na jembe langu, akachimba mara tatu, akakokota udongo kwa vidole na kunionyesha: juu mweusi, chini kijivu. Tulipanda tarehe 2 Aprili.